Nani aliyeleta homa mlimani?

Mtoto alianza kutetemeka saa moja jioni, viazi vikiwa bado jikoni. Bibi yake alimfunika shuka la pili, akamsogeza karibu na moto na kusema ni mafua tu, yatapita. Nyumba yao iko kwenye mteremko wa kilima karibu na mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Watu wa huko hulala na mablanketi mazito mwaka mzima. Mtoto kutetemeka jioni si jambo la kumshtua mtu.

Aliyeshtuka ni shangazi yake. Yeye ni mzaliwa wa nyumba hiyo, ameolewa Mwanza, ana watoto wawili, na miaka kumi ya kulea kando ya ziwa imemfundisha tofauti ya mtoto mwenye baridi na mtoto mwenye homa. Aliweka kiganja nyuma ya shingo ya mtoto, kisha tumboni.

"Mama, huyu anachemka. Kesho alfajiri apelekwe akapimwe."

"Apimwe nini?"

"Malaria."

Bibi alicheka. Ana miaka sabini na kitu, na kwake malaria ni ugonjwa wa watu wa chini, wa wale waliokwenda kutafuta kazi kwenye joto wakarudi wamebebwa. Watu wa Kigezi walijenga juu ya vilima na kuisifu baridi yao. Huku juu walikuwa na vichomi na kikohozi cha moshi. Mbu hawakuwa hoja. Hata huyo binti mwenyewe, alipofungasha Mwanza kwa safari ya likizo ya Desemba, alivikunja vyandarua vya wanawe akaviacha kabatini. Aliona anakwenda nyumbani, kwenye baridi, vya nini?

Kesho yake walipanda bodaboda watatu hadi kituo cha afya: dereva, shangazi, na mtoto wa miaka minne amefungwa mgongoni. Muuguzi alichoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, wakasubiri kama dakika kumi na tano. Mistari ikatokea miwili. Ni malaria.

Kisha muuguzi akauliza swali ambalo kila muuguzi wa ukanda wa baridi huuliza: "Mtoto alisafiri?"

Hakuwa amesafiri. Tangu azaliwe hajawahi kushuka kilima kile kwenda mbali kuliko sokoni. Ila nyumbani kulikuwa na wageni, wamefika siku tano zilizopita, kutoka Mwanza.

Habari hiyo ilifika nyumbani kabla ya dawa. Jioni, wakati wa kuosha vyombo, wifi yake, mama wa mtoto, alitamka neno ambalo wengine walikuwa wanalizunguka. "Mmetuletea homa ya ziwani." Alilisema kwa sauti ya chini na bila ugomvi, na pengine ndiyo maana liliuma zaidi. Watoto wa Mwanza walilala usiku ule kwenye chumba cha peke yao.

Hapa inafaa kuhesabu siku, maana lawama ya namna hii huvunja nyumba na hesabu yake si ngumu. Malaria haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja wala kula sahani moja. Ili mtoto wa Mwanza amwambukize binamu yake, lazima kwanza mbu jike wa jamii ya anofelesi amuume mwenye vimelea. Kisha vimelea vikue ndani ya mbu huyo hadi vifike kwenye mate yake. Ndipo amuume binamu, na baada ya hapo homa huchukua kwa kawaida siku saba hadi kumi na nne, na mara nyingine zaidi, kujitokeza.

Hatua ya katikati ndiyo inayotegemea joto. Vimelea vya aina inayoua watu wengi zaidi Afrika havikui kabisa ndani ya mbu kama joto liko chini ya nyuzi 16 hivi. Kwa kanuni ambayo wataalamu wa malaria wameitumia miaka mingi, kwenye nyuzi 18 vinahitaji karibu siku 55. Kwenye nyuzi 20 ni siku 28 hivi, na kwenye nyuzi 25 siku 12 au 13. Mbu wengi hawaishi mwezi mzima. Kwa hiyo kwenye baridi kali mbu hufa kabla vimelea havijakomaa, na hiyo ndiyo siri ya ile sifa ya vilima. Baridi haikuwafukuza mbu wote. Iliwanyima muda.

Kwa hesabu hiyo siku tano hazitoshi, hata zingekuwa siku tano za Mwanza kwenyewe. Mtoto yule aliumwa na mbu mwenye vimelea kabla wageni hawajakata tiketi. Homa ilikuwa ya hapo hapo kilimani.

Muuguzi alimweleza shangazi hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi, siku aliporudi kuwapima wanawe wawili. Wote hawakuwa na kitu. Akaongeza kwamba baada ya mvua za mwisho wa mwaka hupokea watoto kama yule kila wiki, wengi wao kutoka nyumba zilizo karibu na mabonde.

Ukisimama kwenye uwanja wa bibi, bonde lote unaliona. Chini kuna mashamba ya viazi mviringo na kabichi yaliyopangwa kwa matuta marefu, mitaro iliyonyooka kati yake, ng'ombe wachache weusi kwa weupe, na upande wa barabara tanuri la matofali lenye mashimo yaliyoachwa wazi. Kwenye kona moja, palipo na unyevu mwingi mno kwa jembe, limebaki shamba dogo la mafunjo, yale majani marefu yenye kichwa kama ufagio. Watoto wa Mwanza waliyatambua mara moja kwa sababu yapo pia ukingoni mwa ziwa lao.

Bibi alipoolewa kwenye kilima hicho, bonde zima lilikuwa mafunjo. Anakumbuka ukungu uliokuwa ukikaa chini mpaka saa nne asubuhi, kama maziwa kwenye bakuli. Hakuna aliyevuka katikati kwa mguu. Walizunguka, kwa sababu chini ya mafunjo hapakuwa na udongo wa kukanyagika bali mabaki ya majani ya karne na karne yaliyorundikana majini bila kuoza, meusi, laini, yanayotitia. Wanaume walikata mafunjo ya kuezekea na wanawake walisuka mikeka. Korongo wenye taji la dhahabu, ndege wa taifa la Uganda, walitaga humo kwa sababu mbweha na mbwa hawakuweza kuwafikia. Maji yaliyotoka upande wa chini wa bonde yalikuwa safi kuliko yaliyoingia juu, maana tope la vilimani lilikwama kati ya mashina. Na kiangazi kilipofika, kijito cha chini hakikukauka. Kinamasi cha namna hiyo hufanya kazi ya sifongo: hunyonya mvua ya mwezi mmoja na kuitoa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

Kazi nyingine haikuonekana kwa macho. Mafunjo hutoa mvuke mwingi kupitia majani yake, na mvuke huo huondoka na joto. Hufunika maji jua lisiyafikie. Wataalamu wa wadudu wameeleza pia kwamba maji ya chini ya mafunjo huwa na utando wa mafuta yatokayo kwenye mmea wenyewe, unaowazuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Mbu huyo hapendi maji mengi ya kivulini. Anapenda kidimbwi kidogo, cha muda, chenye jua: mtaro uliotuama, nyayo za ng'ombe, nafasi kati ya matuta, shimo la matofali.

Yaani anapenda vile vitu vilivyokuja baada ya mafunjo kuondoka.

Mabonde ya Kabale yamekuwa yakikaushwa tangu miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikihangaika na wingi wa watu kwenye vilima. Serikali zilizofuata na wakulima wenyewe waliendelea. Mwaka 2000, watafiti waliochapisha kwenye jarida moja la kimataifa la magonjwa ya ukanda wa tropiki walieleza walichokiona walipolinganisha vijiji vinane vya Kabale vilivyopakana na mabwawa ya mafunjo ambayo hayajaguswa na vijiji vinane vilivyopakana na mabwawa yaliyolimwa. Kwenye vijiji vya mabwawa yaliyolimwa, joto la juu la mchana na joto la chini la usiku yote yalikuwa makubwa zaidi. Na kadiri kijiji kilivyokuwa na usiku wenye joto, ndivyo mbu wa malaria walivyokuwa wengi kwa kila nyumba.

Tofauti yenyewe haikuwa kubwa. Mtu asingeisikia kwenye ngozi. Lakini mzazi aliyefuata ile hesabu ya siku ataona kwamba hapo kilimani, kati ya nyuzi 18 na 20, nyuzi moja tu inapunguza kwa wastani wiki mbili hivi kwenye safari ya vimelea. Ongeza kwamba mbu akishashiba huenda kutulia ndani ya nyumba, ukutani, karibu na moto uleule ambao bibi alimsogezea mjukuu wake, ambako ni joto kuliko nje.

Si haki kulibebesha bonde peke yake. Dunia inapata joto. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko wa malaria Kabale na kwenye nyanda nyingine za juu za Afrika Mashariki. Dawa za zamani zilishindwa na vimelea. Watu wanasafiri zaidi, na wapo wanaorudi na vimelea damuni bila kujua. Ila kati ya hizo zote, bonde ndilo lililobadilishwa kwa majembe ya watu wa hapo, na ndilo wanaloweza kulizungumzia wakiwa wameketi uwanjani.

Walilizungumzia. Shangazi aliyasema haya usiku wa tatu, akitarajia labda mama yake atasikitika. Bibi hakusikitika.

"Wewe ulisoma kwa nini?" aliuliza. "Sare zako, karo yako, godoro ulilokwenda nalo bweni. Vilitoka kwenye yale mafunjo?"

Vilitoka kwenye viazi. Baba yao alichimba mtaro wa kwanza kwa mikono yake, na miaka ya mwanzo udongo ule mweusi ulizaa kupita kiasi. Juu ya kilima kila mtoto wa kiume alikuwa amekatiwa kipande, na vipande vilishakuwa vyembamba kama mkanda. Bonde lilikuwa nafasi pekee. Mtu anayesoma habari za uhifadhi akiwa mjini, na friji imejaa, ni vizuri alikumbuke hilo kabla hajawaita wakulima wa Kabale waharibifu. Hata dawa ya mtoto, ile dawa mseto inayomezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, hufanya kazi vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta, na mtoto yule aliimeza na maziwa. Ng'ombe aliyeyatoa analisha bondeni.

Lakini udongo wa kinamasi kilichokaushwa hauna uaminifu wa muda mrefu. Ukikosa maji, yale mabaki ya majani huanza kuoza na kusinyaa, shamba linashuka, na mahali pengine udongo unakuwa na tindikali hata viazi vikadumaa. Kaka yake shangazi analijua hilo bila kuambiwa. Kila mwaka mtaro unachimbwa zaidi na gunia linapungua.

Nyuma ya vilima hivyo, upande wa Rwanda, kuna bonde lililopitia habari hiyo kwa ukubwa zaidi. Linaitwa Rugezi. Ni kinamasi cha hekta zaidi ya 6,000 kilicho mita 2,050 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huingia ziwa Burera, kisha hushuka kwenye mitambo ya umeme ya Ntaruka kuelekea ziwa Ruhondo. Watu walilima Rugezi, walifungua njia za maji, vilima vinavyoizunguka vikamomonyoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa Burera lilishuka mno, Ntaruka ikakosa maji ya kutosha, na Rwanda ikaingia kwenye mgao wa umeme na kukodi majenereta ya dizeli kwa fedha nyingi. Kilimo ndani ya kinamasi kikapigwa marufuku, mafunjo yakaachwa yarudi, na vilima vikapandwa miti na majani ya kuzuia udongo. Maji yakapanda tena. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo. Katika picha za tuzo hawaonekani wale waliokuwa na matuta yao humo. Umeme ulirudi Kigali, na wao wakatakiwa kutafuta pa kulima.

Maji ya Rugezi hayaishii hapo. Kupitia mto Mukungwa hufika Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera, ambayo Tanzania huitwa Kagera, humwaga ziwa Victoria. Shangazi alipowachorea wanawe njia hiyo kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja, mdogo aliuliza kama ndiyo maji ya bomba la nyumbani. Mwanza hunywa maji ya ziwa, kwa hiyo jibu ni ndiyo, kwa sehemu yake ndogo.

Mtoto mgonjwa alipata nafuu siku ya pili, na hapo ndipo palikuwa na hatari nyingine, maana mama yake alitaka kumwekea akiba vidonge vilivyobaki. Shangazi alikataa. Dawa mseto humalizwa hata mtoto akianza kukimbia kuku. Wifi hakubisha. Alikuwa amehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akaikuta ile tano, na jioni hiyo aliwaita watoto wa Mwanza warudi kulala chumba kimoja na wenzao. Neno la kuomba radhi halikutamkwa, lakini aliwachomea mahindi.

Watoto wa nyanda za juu wanahitaji uangalizi wa namna yao. Mtu aliyekulia Mwanza au Tanga ameumwa na mbu mara nyingi, na akivuka utoto mwili wake huwa umejifunza kupambana kidogo. Aliyekulia kwenye baridi hajajifunza, iwe mtoto au babu, na malaria inaweza kumgeuka haraka. Homa yoyote ipimwe ndani ya siku moja. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea asiamke vizuri, hapo hakuna kusubiri alfajiri.

Chandarua je? Kumbe vilikuwepo. Serikali ya Uganda imegawa vyandarua vyenye dawa bure kwa nyumba zote zaidi ya mara moja, na nyumba hii ilipata vitatu. Kimoja kilikuwa bado ndani ya mfuko wake, chini ya kitanda cha bibi, akiba ya mgeni wa heshima. Viwili vilikuwa bondeni. Kaka yao alikuwa amevitandaza juu ya kitalu cha kabichi ili kuku na ndege wasifukue miche, vizuri kabisa, na vijiti pembeni.

Kuhusu mtaro, hawakuafikiana. Kaka alisema msimu ujao atalima kama kawaida, ana watoto wanne wa shule. Bibi alisema ile kona yenye mafunjo isiguswe, lakini sababu aliyoitoa ni kwamba anahitaji majani ya mikeka. Katiba ya Uganda ya 1995 imeweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote. Uwanjani pale hakuna aliyeitaja. Kilichofanyika ni kwamba kaka alichukua koleo Jumamosi akafukia mashimo mawili ya matofali yaliyokuwa karibu na nyumba.

Wageni waliondoka kabla ya Mwaka Mpya. Kile chandarua kipya kilikuwa kimeshafungwa juu ya kitanda cha watoto, na shangazi alimwachia wifi yake fedha ya kununua kingine.

Katikati ya Januari simu iliita Mwanza. Alikuwa bibi. Alisalimia, akauliza habari za wajukuu, akauliza bei ya samaki, kisha akafika kwenye shida yake. Vile viwili vya kwenye kabichi amevichukua, lakini vina tope. Je, avifue kwa sabuni ya unga, aanike juani viuawe wadudu?

"Hapana, Mama. Sabuni ya mche na maji ya baridi. Usisugue kwa nguvu. Anika kivulini, jua linaua dawa. Na matundu uyashone."

"Kivulini wapi? Huku miti mmekata yote."

"Tumekata sisi?"

Bibi alicheka, akasema salio linaisha, akakata.